Siku mbili ghorofa ya 41: jibu kwa mama wa Ngamiani

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Ngamiani, Tanga, mwenye miaka 61. Nimelifupisha, ila maneno ni yake:

"Wanangu wawili walioko Maskati wamenichangia safari ya Dubai. Siku tatu nitakaa Deira kununua mzigo wangu, huko nakujua kwa kuhadithiwa na wenzangu. Lakini wamenilipia pia masiku mawili kwenye hoteli ndefu ya katikati ya mji, karibu na lile jumba refu kuliko yote duniani. Chumba kiko ghorofa ya 41 na nitalala peke yangu. Mimi, mwanangu, ghorofa niliyowahi kupanda haizidi ya nne, tena kwa miguu. Lifti naiogopa. Moto nauogopa zaidi. Nitaswali wapi, nitakula nini, na wakinidai pesa kule juu nitasema nini na Kiingereza changu cha sokoni? Niwaambie wairudishe ile pesa? Na mwisho, usinicheke: vile vitu vya bafuni, sabuni na kandambili, ni vya kuchukua au vya kuacha?"

Shikamoo mama. Pesa isirudishwe. Vyumba vinavyouzwa kwa bei ya punguzo mara nyingi havirudishiwi hela, kwa hiyo ukighairi utakuwa umewazawadia watu wa hoteli. Na hata kama ingerudi yote, ningekwambia nenda. Lifti, moto, swala na chakula vina majibu, na mengine ni mafupi kuliko swali lenyewe. Linalonitia wasiwasi mimi ni lile ulilolificha ndani ya "usinicheke".

Nimefanya kazi kwenye hoteli za Dubai miaka 11. Nilianza kwa kubeba mizigo, nikamalizia dawati la mapokezi, na sasa nimerudi Tanga nafundisha vijana kazi hizohizo. Miaka yote hiyo sikuona mgeni wa kwetu aliyedhurika kwenye lifti. Ila walioumia kwa kuona haya kuuliza niliwaona mara nyingi, na maumivu yao yalikuwa ya dirham, pesa ya kule.

Kulikuwa na mzee mmoja wa pwani hii yetu, kanzu imepigwa pasi, bakora mkononi. Alifika usiku. Mwenzangu wa zamu akamwambia kwa Kiingereza cha mbio kwamba kuna chumba kizuri zaidi, cha juu zaidi, kinachotazama maji, kwa nyongeza ya dirham 300 kila usiku, je, angependa? Mzee akaitikia kwa kichwa, akatabasamu, akatia saini. Siku ya kuondoka bili ikatoka na dirham 1,200 asizozitegemea. Nikaitwa nimsemeshe kwa Kiswahili. Nikamuuliza, mzee wangu, siku ile ulielewa ulichoulizwa? Akanitazama, akasema, "Nilielewa kwamba ananiheshimu." Sikuwa na la kumjibu. Nyongeza kama ile ina kamisheni kwa anayeiuza, na mimi mwenyewe nilikwisha kuila mara kadhaa.

Basi ukifika dawatini, yule kijana akianza kusema sana huku anatabasamu, usiitikie kwa kichwa. Muulize bei. Kwa Kiingereza cha sokoni unajua kuuliza, na ukipenda sema "bikam", Kiarabu cha Deira, kila mtu kule anakielewa. Akisema bure, shukuru. Akitaja tarakimu, sema hapana, nataka chumba kilichokwisha lipiwa. Hatakasirika, anaambiwa hivyo mara ishirini kwa siku. Na huenda hata Kiingereza usikihitaji: hoteli za kule zimejaa Wakenya na Waganda, kuanzia mlangoni hadi jikoni. Toa "habari zenu" moja ukumbini uone vichwa vinavyogeuka.

Sasa pesa, maana hapo ndipo safari za watu zinapoharibika kabla hata mlango wa chumba haujafunguliwa. Kuna mambo matatu, nawe uyamalize na wanao kabla hujaondoka Tanga.

La kwanza ni amana. Chumba kimelipwa, lakini hoteli itataka dhamana ya kitu utakachokula au kuvunja. Mwenye kadi ya benki hupigiwa zuio, yaani pesa haichukuliwi ila haiguswi mpaka uondoke, na benki nyingine huchukua siku nyingi kuiachia. Asiye na kadi huweka taslimu, na hurudishiwa siku ya kutoka. Wanao waipigie hoteli simu waulize amana ni kiasi gani kwa usiku, kisha wewe uje nayo taslimu, iliyotengwa, kwenye bahasha yake. Dai risiti. Usiitumie hiyo kununulia madira.

La pili ni kadi ya wanao. Kama walilipa kwa kadi yao na wao wako Maskati, hoteli nyingine zitataka kuiona kadi yenyewe mkononi mwa mgeni. Nimewarudisha watu ukumbini kwa sababu hiyo, wamechoka na ndege, mtoto yuko nchi nyingine hapokei simu. Dawa yake ni fomu ya kibali cha mwenye kadi. Hoteli huituma kwa barua pepe, mwanao anaijaza, anaisaini na kuirudisha. Wewe ibebe nakala ya karatasi pamoja na pasipoti.

La tatu ni dogo, lakini ndilo lenye makelele dawatini kuliko yote. Tangu mwaka 2014 Dubai inatoza ada ya utalii kwa kila chumba kwa kila usiku, na kwa hoteli ya nyota tano ni dirham 20. Mara nyingi haimo katika bei uliyolipa mtandaoni, hulipwa palepale. Masiku mawili ni dirham 40, kama dola 11, kwa kuwa dirham imefungwa kwenye dola, 3 na senti 67 kwa dola moja. Watu wetu hudhani wanaibiwa. Huibiwi.

Halafu kuna saa. Karatasi ya hoteli itasema chumba ni tayari 15:00. Hiyo ni saa tisa alasiri, na saa za kule ziko mbele ya zetu kwa saa moja. Chai ya asubuhi ikiandikwa mwisho 10:30, ni saa nne u nusu. Naona unacheka, lakini nimewahi kumkuta mama mmoja kutoka kwetu mbele ya mlango wa mkahawa saa nne usiku, amevaa vizuri, anangoja chai. Ukifika mapema mizigo yako itawekwa bure na utapewa kikaratasi chenye namba. Ukumbi una vyoo, una viti vizuri kuliko vya uwanja wa ndege, na hakuna atakayekuuliza umekaa kwa nini.

Tuje kwenye lifti.

Ninajua unavyoiona akilini: sanduku linaloning'inia kwenye kamba moja, kamba ikikatika basi. Watu wa New York nao waliiona hivyo hivyo, mpaka mwaka 1854, fundi mmoja aitwaye Elisha Otis aliposimama juu ya jukwaa lililoinuliwa mbele ya umati, akaamuru kamba ikatwe. Jukwaa likashuka kidogo likakwama, kwa sababu alikuwa ameweka meno ya chuma yanayouma reli za pembeni mara kamba inapolegea. Lifti ya leo ina breki ya ukoo huo huo, na tena haina kamba moja. Ina kamba kadhaa za chuma, na kila moja kwa kawaida inaweza kulibeba sanduku zima na watu wake. Upande wa pili wa kamba hizo kuna uzito mkubwa unaoshuka wewe ukipanda na kupanda wewe ukishuka, kama ndoo mbili za kisima kimoja. Hata kwetu pwani lifti si jambo la jana: lile jumba la Sultani Barghash pale Forodhani Unguja, Beit al-Ajaib la mwaka 1883, linatajwa kuwa la kwanza Afrika Mashariki kuwa nayo.

Kitakachokusumbua si kamba, ni mambo madogo. Masikio yataziba, kwa sababu unapanda mita kama mia na arobaini kwa muda mfupi, yaani minazi mitano iliyosimamishwa mmoja juu ya mwingine. Meza mate, au tafuna kitu. Pili, lifti haitakwenda bila kadi ya mlango. Kuna kijisahani cheusi karibu na vitufe. Gusisha kadi hapo kiwake kijani, kisha bonyeza 41. Usipogusisha utabonyeza mpaka kidole kiume.

Na kuna zile ambazo ndani hazina vitufe kabisa. Hizo zilinitesa mimi mwenyewe. Wiki yangu ya kwanza kazini nilipewa masanduku sita ya familia moja, nikaingia kwenye lifti, mlango ukafungwa, natafuta pa kubonyeza hakuna. Ukuta mtupu, kioo na muziki. Lifti ikaenda ilikoitwa na wengine: ikapanda, ikashuka, watu wakaingia na kutoka, mimi na masanduku yangu tumo tu, natabasamu kama mtu anayejua aendako. Nilitoka baada ya Mfilipino mmoja wa usafi kunionea huruma. Akanionyesha: namba ya ghorofa unaibonyeza nje, kwenye kibao, nacho kinakujibu kwa herufi, A au C au F. Unakwenda kusimama mbele ya lifti ya herufi hiyo, unaingia, hugusi kitu. Ukikuta mambo hayo, mama, simama kando uangalie wawili watatu wanavyofanya. Au mwambie mbeba mizigo akupeleke na akushushe mara moja kwa mazoezi, umpe dirham kumi.

Ikikwama, maana hukwama, usijaribu kupanua mlango. Kuna kitufe chenye picha ya kengele, kishikilie, mtu atasema nawe humohumo. Kaa chini, useme ghorofa uliyotaka kwenda. Umeme ukikatika jengo lina jenereta, na lifti nyingi hushuka zenyewe hadi mlango wa karibu.

Ukiona bado moyo unakataa, wanao waombe sasa hivi chumba cha ghorofa ya chini, ya 8 au ya 10. Kitanda ni kilekile na bafu ni lilelile. Kinachopanda bei kule juu ni dirisha tu. Zamani, kabla ya lifti, ilikuwa kinyume: vyumba vya juu walipewa watumishi na maskini kwa sababu ya ngazi. Lakini nakusihi usiombe. Utakuja kuniambia.

Moto. Hapa sitakudanganya. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2015, hoteli yenye ghorofa 63 na mita 302 za urefu, hapohapo Downtown unapokwenda, inaitwa Address, iliwaka upande mmoja karibu kutoka chini hadi juu. Nilikuwa zamu hoteli nyingine, nikatoka nje nikauona kwa macho yangu, vipande vinadondoka kama makuti yanayowaka. Polisi walieleza baadaye kwamba hitilafu ya umeme ilianzia kwenye nyaya za taa ya nje kati ya ghorofa ya 14 na ya 15. Hakuna aliyekufa kwa kuungua. Sababu ni kwamba moto ulikimbia kwenye vibao vya kupambia ukuta wa nje, nao watu walishuka kwa ngazi za ndani. Baada ya hapo, mwaka 2017, nchi ile ikakaza kanuni za vibao hivyo, na hoteli yenyewe ikafunguliwa upya mwaka 2018.

Jifunze ngazi basi. Ukishaingia chumbani na kuweka begi, toka tena. Nyuma ya mlango wako kuna ramani ndogo yenye nukta nyekundu inayoonyesha ulipo. Tembea hadi mlango wa dharura, huku mkono unapapasa ukuta na unahesabu milango: mmoja, miwili, mitatu. Moshi ukijaa macho hayasaidii, hesabu ndiyo itakayokutoa. Ufungue mlango huo uone ngazi ziko pale, halafu ushikilie usijifunge nyuma yako, kwa sababu mingi haifunguki kutoka upande wa ngazi. King'ora kikilia, viatu, kadi ya mlango, simu, pasipoti, utoke. Usikimbilie lifti. Kama ukigusa mlango wako na ni wa moto, usifungue: lowesha taulo uzibe uwazi wa chini, piga simu ya mapokezi useme namba ya chumba. Mlango wa chumba cha hoteli umetengenezwa kuzuia moto kwa muda, na darini kuna vinyunyizio vya maji. Kwa sababu hiyo usitundike nguo kwenye hicho kidude cha darini. Wapo waliotundika kanga mbichi ikauke, chumba kikageuka mto Sigi wa masika.

Chumbani kwenyewe mambo si mengi. Kadi ile ile ya mlango unaitia kwenye mfuko wa ukutani ndipo taa zinawaka. Bomba la bafuni lina mkono mmoja, kushoto moto, kulia baridi. Fungua ukiwa nje ya maji kwanza, maana yanachoma kweli. Chooni usiwe na shaka, mpira wa maji upo, ile ni nchi ya Waislamu. Kitanda kimebanwa shuka chini ya godoro kwa nguvu, na wageni wengi wa mara ya kwanza hulala juu yake na kutetemeka usiku kucha kwa kuogopa kukivuruga. Vuruga. Ng'oa shuka, uingie ndani. Kiyoyozi kina baridi ya Lushoto mwezi wa saba, na dirisha halifunguki hata ufanyeje, kwa hiyo beba kanga nzito ya kujifunika. Upepo ukivuma sana utasikia kuta zinalia kidogo, na pengine maji ya chooni kutikisika. Jengo refu limejengwa lipinde, kama mnazi. Lisilopinda ndilo la kuogopa.

Pazia. Hili wanawake huniambia baadaye, wakiwa wamekasirika kwamba hawakuambiwa mapema. Watu hudhani ghorofa ya 41 hakuna wa kukuona. Asubuhi utakuwa na kanga moja, nywele ziko wazi, unatazama mji, mara inashuka kutoka juu miguu ya mtu. Halafu kiuno, halafu ndoo na brashi, halafu kijana wa Kinepali anakuangalia kupitia kioo umbali wa mkono mmoja, naye kaona haya kuliko wewe. Ni wasafisha vioo. Hoteli nyingine huacha kikaratasi chumbani kutaja siku yao, nyingine hazisemi. Lile pazia jepesi liache limefungwa unapovaa.

Friji ndogo usiiguse. Ziko zenye mizani chini ya kila chupa: ukiinua soda uisome tu ukachelewa kuirudisha, imeshaingia kwenye bili. Maji ya bure ni chupa zilizowekwa juu ya meza au kando ya kitanda, nazo zina maandishi ya kusema ni bure. Kama huna hakika, piga simu uulize. Nguo usiwape wafue, wanatoza kila kipande peke yake na soksi ni kipande. Kuna birika la umeme, kwa hiyo beba majani yako ya chai na tangawizi.

Chakula hakinipi shida kukieleza. Kama chai ya asubuhi imo kwenye malipo, kula sana, kwa sababu ni bafe na hakuna anayehesabu. Nyama nyingi ni halali, lakini hoteli kadhaa zina sehemu ya nyama ya nguruwe iliyotengwa na kuandikwa, kwa hiyo soma kibao au uliza. Mchana na usiku usile hapo. Deira utakuwa na siku tatu nzima za kula vizuri kwa bei ya binadamu.

Swala. Sisi hapa Tanga tumezoea kuelekea kaskazini, kwa kuwa Makka iko karibu moja kwa moja juu yetu. Kule utageuka: kibla ni magharibi, ikilalia kidogo kusini. Usihangaike na dira, tazama darini au ndani ya droo ya meza, kuna mshale. Mswala piga simu uletewe, ni bure. Tatizo utakalolipata hukulitaja: adhana haifiki. Kioo ni kizito na wewe uko mbali na mnara. Mtu aliyeamshwa na muadhini wa Ngamiani miaka sitini anaweza kulala hadi jua limtoke usoni. Tega simu.

Na kwa kuwa umegusia dini, hili nalipenda mno siwezi kulipita. Ramadhani ya mwaka 2011, kiongozi mmoja wa dini wa Dubai, Mohammed al-Qubaisi, alisema wakazi wa Burj Khalifa, ndilo hilo jumba refu kuliko yote, walio juu ya ghorofa ya 80 wangoje dakika mbili zaidi kabla ya kufungua, na walio juu ya 150 dakika tatu. Kwa sababu wao jua bado wanaliona. Ni mambo ya baharia aliyepanda mlingoti: yeye anaiona nchi kavu wakati walio sitahani bado wanaona maji matupu. Wewe wa 41 utafungua na watu wa chini.

Jumba lenyewe, Burj Khalifa, lina mita 828 na lilifunguliwa Januari 2010. Pa kupanda kutazama ni ghorofa ya 124 na 125, na ile ghali zaidi ya 148. Tiketi ya saa ya magharibi ndiyo yenye bei kubwa. Sikushauri. Una dirisha lako mwenyewe lililokwisha lipwa. Shuka usiku uende kwenye ziwa dogo lililo chini yake, chemchemi zikiwa zinacheza utasimama ukingoni na kutazama bila kulipa. Na kama utakwenda miezi ya Januari au Februari, funua pazia alfajiri. Kuna asubuhi ukungu unalala chini ukafunika barabara na nyumba zote fupi, na majengo marefu peke yake yanatokeza kama milingoti ya majahazi ghubani. Mimi nilikuwa nachelewa makusudi kushuka zamu ya usiku kwa ajili hiyo. Ndiyo maana nilikusihi usiombe ghorofa ya 8.

Jambo moja nje ya hoteli: kama una dawa za presha au sukari, beba na cheti cha daktari, ndani ya pakiti zake. Dawa za maumivu zenye codeine au tramadol usizitie kwenye begi bila kibali cha serikali ya kule, hawana mzaha na hilo hata kwa bibi wa miaka 61. Kutoka uwanja wa ndege zipo teksi zenye paa la waridi zinazoendeshwa na wanawake, kwa wanawake. Kutoka hotelini kwenda Deira panda treni ya mjini, ina sehemu ya kina mama na watoto. Mzigo wako mkubwa usiulete ghorofa ya 41. Anza na siku za hoteli ndefu ungali na begi moja, ndipo uhamie Deira.

Usiku wa kuamkia kuondoka, shuka dawatini uombe bili ichapishwe. Isome taratibu, mstari kwa mstari, mbele yao. Usichokielewa kiwekee kidole, uulize. Ukiikubali, asubuhi unarudisha kadi tu na kudai amana yako.

Na kandambili. Sikucheki mama, hilo ndilo swali ambalo wenye nacho huuliza kwa siri. Sabuni, shampuu, mafuta ya mwili, mswaki, kitana, kofia ya kuogea: vyako, na mhudumu wa vyumba akija ataweka vingine. Taulo, joho la kuogea, pasi na birika ni vya hoteli, na vikikosekana vinaingia kwenye bili ya wanao. Kandambili zile nyeupe za kitambaa haziwezi kuvaliwa na mgeni mwingine, ukiziacha zinatupwa. Chukua. Halafu fungua kabati, tazama chini karibu na sefu: chumba kimeandaliwa kwa watu wawili, kwa hiyo kuna jozi ya pili.